Majina Tuliyoyachoma Estrela

Watu huja kuniuliza habari za manyoya. Vijana wa chuo kikuu, na vinasa sauti vyao, hukalia kiti changu kimoja kizuri, hunywa kahawa yangu, kisha huanza: "Bibi Dalva, tueleze manyoya yalivyokuwa. Tueleze taa." Nawaambia manyoya yalikuwa ya bata mzinga, niliyapaka rangi mwenyewe kwenye beseni la kufulia, na yakilowa jasho yalinuka bata mzinga. Wanacheka, wanaandika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za majina. Basi leo nasema bila kuulizwa, maana nina miaka sabini na minane na sina muda wa kungoja watu wenye adabu.

Ukumbi wa Estrela ulikuwa hatua chache kutoka Uwanja wa Tiradentes, hapa hapa Rio. Siku hizi ni kanisa la wale wanaofukuza mapepo kwa kipaza sauti. Matajiri wa Kireno waliujenga kwa ajili ya opera, opera ikawashinda, ukaishia kwetu. Roshani ya juu kabisa tuliiita tundu la kuku, na huko ndiko wanaume walikokuwa wakikutana na wanaume wenzao tangu enzi za babu zetu, gizani, wakijifanya wanatazama mchezo. Siku nne za kanivali polisi walifumba macho, nasi tukaingia kwa mlango wa mbele na magauni yetu marefu, watu wa mtaani wakitupigia makofi. Ikifika Jumatano ya Majivu, saa sita mchana, sheria ilifumbua macho. Ukionekana na wanja baada ya hapo, wewe ni mzururaji.

Kila aliyekuja kwetu alibatizwa. Ndiyo ilikuwa desturi ya Estrela, na simjui aliyeianzisha. Ulikaa mbele ya kioo kirefu cha chumba cha kuvalia, ukaandika kwenye kikaratasi jina ulilopewa na baba yako, ukalichoma kwa mkono wako kwenye kibakuli cha majivu ya sigara. Mkubwa wa chumba akakumwagia poda kichwani na kukutamkia jina jipya. Kuanzia hapo lile la zamani halikuulizwa tena. Kwetu uliweza kumuuliza mtu kama ana kaswende, akakujibu. Uliweza kumuuliza kama bwana wake anamwibia, akakujibu na matusi juu. Lakini jina la cheti? Hilo lilikuwa ni kumvua mtu nguo sokoni. Niliwahi kuona mtu akipasuliwa mdomo kwa kisigino cha kiatu kwa sababu ya swali hilo.

Ivonete nilikaa naye miaka tisa. Chumba kimoja, kitanda kimoja, pale Lapa, juu ya duka la fundi viatu. Nilijua anavyokoroma, nilijua jino linalomuuma baridi ikiingia, nilijua kwamba maharage hali mpaka yalale. Alikuwa mwembamba kama mimi na mweusi kama mimi, miaka minne chini yangu, na alikuwa akicheza na kuchekesha watu kipande cha pili baada ya mapumziko. Nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu wakati ule sikulisema kwa mtu, hata kwake sikulisema sana. Na katika miaka hiyo tisa sikuwahi kujua mama yake alimwitaje.

Mwaka wa sabini na moja Mzee Abílio, meneja wetu, alikuwa anaandaa mchezo mpya. Wakati ule wa serikali ya wanajeshi hukuweza kuufungulia mchezo pazia mpaka wakaguzi waje, wakae viti vya mbele mchana kweupe, wautazame wote bila kucheka hata kidogo, kisha watoe kibali. Walikuwa waje Ijumaa. Kabla hawajaja walitaka orodha ya wasanii kwa majina ya vyeti peke yake. Mzee Abílio akaleta karani siku moja, wenzangu wakaingia ofisini mmoja mmoja, Mzee mwenyewe akiwa nje, mlango ukifungwa nyuma ya kila mmoja, wakatoka wamenuna kama watu waliotoka kung'olewa meno. Majina kumi na moja. Karani akaenda zake, na nakala ya orodha ikabaki kwenye droo ya Mzee.

Bila kibali cha mchezo, Mzee hakuweza kuwatilia saini kwenye kadi zao za kazi. Na bila saini, polisi wakikukamata hukuwa msanii; ulikuwa mtu asiye na kazi, na mtu asiye na kazi ni wa gerezani. Mimi tu nilikuwa na kadi yenye saini, kwa kuwa nilikuwa fundi wa nguo, na serikali haikuona ubaya wowote katika cherehani.

Jumanne asubuhi nilikuwa nashona bodisi la Marquesa, nyota wetu, nikaishiwa vifungo vya kulabu. Nikamwambia Ivonete, "Shoga, nikimbilie dukani, hutachukua dakika kumi."

Akasema, "Nywele sijazifunga, Dalva."

Nikamwambia, "Nani atakuangalia wewe, na uzuri wenyewe wa kuazima?"

Akanifyonza, akachukua kofia ya majani, akatoka anacheka. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake akiwa bado hajaguswa na mtu. Nimeyatafuna miaka thelathini na minne na hayajalainika.

Saa tano hakuwa amerudi. Saa sita akaja Dona Zefa, muuza tiketi za bahati nasibu pale kwenye kona, anahema. Akaniita kando. "Mwanangu, wamembeba yule mwembamba wako. Gari jeusi. Walimvua kofia, nywele zikamwagika, basi ikawa hiyo hiyo. Alikuwa na kipakiti cha vifungo mkononi, wakamwambia mwanamume gani anayetumwa vifungo."

Nilivaa suruali na tai, nikapangusa uso kwa mafuta ya nazi mpaka ngozi ikaniwasha, nikaenda kituoni. Kwenye meza ya mapokezi alikaa sajini mnene, mwenye masharubu yaliyochongwa vizuri, anakula chungwa.

"Namtafuta mtu aliyeletwa leo mchana," nikasema.

"Jina."

Nikafungua mdomo. Jina. Nikasema, kwa sauti ndogo, "Ivonete."

Akatema mbegu kiganjani. "Hapa tuna wanaume tu. Wanaume arobaini, Mungu nisamehe kwa kuwaita wanaume. Nipe jina la kweli."

"Ni mwembamba, mweusi, ana kovu hapa kwenye nyusi."

"Bwana, nimekuuliza jina, sijakuuliza kovu. Makovu hapa tunagawa bure." Mwenzake wa nyuma akacheka. "Huyo ni nani kwako?"

"Rafiki yangu."

"Rafiki yako na jina lake hulijui?" Akanitazama kwa mara ya kwanza, akanitazama nyusi, akanitazama kucha. "Sikiliza. Kesho saa sita mchana lori linakwenda bandarini, na wote wasio na mtu wa kuwathibitishia kazi wanavushwa gereza la kisiwani. Ukija na jina na karatasi ya mwajiri kabla ya hapo, tutaongea. Ukija na makovu tena, nitakuunganisha nao."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ukingo wa barabara kama mlevi. Kisiwani watu walikwenda miezi mitatu wakarudi baada ya miaka miwili, na wengine walirudi wamekonda hivi kwamba mama zao waliwaamkia kama wageni. Tulikuwa tumempoteza mwenzetu Suzi huko mwaka uliopita. Alikwenda na kikohozi kidogo tu. Na barua hatukuweza kumwandikia, kwa sababu hiyo hiyo: barua za gerezani zinataka jina.

Jumatano saa mbili asubuhi niliwakusanya wote chumba cha kuvalia. Walikuwa kumi, pamoja na Marquesa. Mzee Abílio alisimama mlangoni na orodha yake, kofia mkononi, maana hata yeye alijua anachotaka kufanya ni kitu kibaya.

"Mabibi," akasema, "barua ninaweza kuandika. Ivonete ni msanii wangu, nitaandika na muhuri nitagonga. Lakini hapa nina majina kumi na moja na sijui lipi ni lake."

"Peleka yote," akasema Jandira, mdogo wa chumba, mwenye ulimi mrefu kuliko miguu.

"Nikipeleka yote wataanza kuwatafuta wengine kumi, na watawapata hapa Ijumaa mbele ya wakaguzi. Linatakiwa moja, na liwe lenyewe."

Wote wakawa wanaangalia kibakuli cha majivu kana kwamba ndicho kilichosema.

Nikasema mimi. "Kila mtu ataje lake. Mzee atakuwa analifuta. Litakalobaki ndilo la Ivonete."

Sikuwahi kuchukiwa vile maishani. Jandira akanigeukia. "Na wewe je, fundi? Utataja lako?"

"Mimi si msanii. Mimi simo kwenye orodha."

"Aa. Basi wewe utakaa na sindano yako, sisi tuvuliwe."

"Jandira, mwanangu, lori linaondoka saa sita."

"Najua lori linaondoka saa ngapi. Nasema tu kwamba umekaa pazuri."

Ni kweli, nilikuwa nimekaa pazuri. Nilikuwa na jina langu limefunikwa, nami nawaambia wenzangu wafukue yao. Niliona aibu, na bado sikulitaja. Mpaka leo sina la kujitetea.

Jandira ndiye aliyeanza, kwa hasira, kama mtu anayevunja sahani yake mwenyewe. "Raimundo Lacerda," akasema. "Haya, furahini." Mzee akafuta. Wa pili akalisema akiwa ameuficha uso kwenye taulo. Wa tatu akalisema kisha akaangua kicheko, kicheko kikageuka, akatoka nje kutapika. Mmoja, mtu wa makamo aliyekuwa akicheza malkia, akasema, "Nisubirini," akakaa kama dakika nzima anatafuta, kisha akasema kwa mshangao, "Nilikuwa nadhani nimelisahau." Lilikuwa refu, la baba na babu na mtakatifu wa siku ya kuzaliwa. Akalitaja lote. Hakuna aliyecheka. Kwenye chumba kile tulicheka mazishi na tukacheka talaka, lakini siku hiyo hakuna aliyecheka.

Mzee alifuta mistari tisa. Yakabaki majina mawili: Otacílio Nunes da Mata, na Gumercindo Prates. Moja la Ivonete, moja la Marquesa.

Marquesa hakugeuka. Alikuwa amekaa mbele ya kioo chake, anajipaka uso, saa tatu asubuhi, bila sababu. Miaka sitini na moja, na miaka thelathini katika hiyo alikuwa juu ya jukwaa lile. Ndiye aliyetumwagia poda karibu sote.

"Marquesa," nikasema.

"Sikusikii."

"Yamebaki mawili, bibi yangu."

"Nilichoma," akasema. "Mwaka wa arobaini na moja, kwenye kibakuli hiki hiki. Unajua nilichoma nini? Nilichoma mtu aliyekuwa akipigwa kwa mkanda kila Jumapili baada ya misa. Hayupo. Unataka nimlete hapa asubuhi hii, mbele ya watoto, nimwambie akae?"

"Sitaki umlete. Sema tu lipi si la Ivonete."

"Dalva, Ivonete namjua. Angekuwa hapa angekwambia uniache."

"Ivonete hayupo hapa. Ivonete yuko ndani na hakuna anayejua wamemfanya nini. Mimi ndiye niliyemtuma vifungo. Vifungo vya bodisi lako."

Nilijua kwamba namchoma kisu, nikamchoma. Marquesa akaendelea kupaka wanja kwenye jicho la kushoto, polepole, mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi na hakuacha jicho nusu. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mzee Abílio akamsogezea karatasi. Kidole chake chenye kucha nyekundu kikashuka juu ya orodha kikasimama kwenye Gumercindo Prates. Akamrudishia karatasi, na jicho la kulia hakulipaka tena.

Otacílio Nunes da Mata. Nilirudia mara tatu kichwani na halikushikana naye kabisa, kama gauni la mtu mwingine. Mzee alipiga barua kwa mashine, herufi kwa herufi, akagonga muhuri mara mbili. Ilisema kwamba Otacílio Nunes da Mata ni msanii wa mchezo utakaoonyeshwa Estrela, mtu wa tabia njema. Nikaichukua nikakimbia. Nilikuwa na miaka arobaini na minne na nilikimbia na viatu vya ngozi mpaka kituoni, watu wakinipisha njia.

Kulikuwa na foleni. Mama wenye vikapu, wake wenye watoto mgongoni, mzee mmoja na redio. Saa nne na nusu. Saa tano. Sajini yule yule, masharubu yale yale, anaandika kwa kidole kimoja. Saa tano na nusu nilikuwa nimebakiza watu wanne mbele yangu. Ndipo mlango wa pembeni ukafunguliwa wakawatoa uani, nyuma ya nondo, tukiwaona kutoka kwenye foleni. Walikuwa wamewanyoa wote. Vichwa thelathini na kimoja, vyeupe na vyeusi, vimechanwachanwa na wembe mbovu, na suruali bila mikanda, kila mmoja ameishika yake kiunoni. Nilitafuta na sikumwona. Mungu wangu, miaka tisa, na sikumwona. Nywele zilipoondoka ziliondoka naye.

Askari mwenye orodha akaanza kuita. Kila aliyeitwa alisema "Nipo" akasogea ukutani. Nikatega sikio ningoje Otacílio. Akaita kumi. Akaita kumi na tano. Kisha akaita:

"Valdemiro Pacheco."

Lilikuwa jina langu.

Nilidhani wamenikamata. Nilidhani wamejua, mkono wangu ukainuka wenyewe kama mwanafunzi darasani. Lakini kule uani sauti ikasema "Nipo," nikaijua sauti. Yule aliyesogea ukutani alikuwa na uso umevimba upande mmoja na kovu kwenye nyusi.

Nikaelewa pale pale, yote kwa mara moja. Hakuwa na kadi yenye saini. Mimi ninayo. Alipoulizwa jina alitaja lenye kazi. Fundi wa nguo, Estrela, kadi iko nyumbani, mwenzangu ataileta. Alilijua kwa barua za mama yangu, maana yeye ndiye aliyezipokea kwa mwenye nyumba miaka yote, akaniwekea chini ya mto, na hakuwahi hata siku moja, hata kwenye ugomvi, hata amelewa, kulitamka. Alikuwa ameketi mle ndani usiku kucha akiamini kwamba nitafika mezani, nitoe kadi yangu, wamwachie. Nami nilifika Jumanne ile ile na kadi ikiwa mfukoni, nikaongea habari za makovu.

Nikatoka kwenye foleni. Mama mmoja akasema, "We bwana, foleni." Nikaiweka kadi mezani mbele ya sajini.

"Valdemiro Pacheco," nikasema. "Fundi wa nguo. Kadi yake hii, saini hiyo, muhuri huo. Ana kazi."

Sajini akafungua. Picha ya kadi ilikuwa yangu nikiwa na miaka kumi na tisa, nimenyolewa kwa ajili ya jeshi, masikio tu na macho. Akaitazama, akatazama uani. "Mlete huyo Pacheco." Wakamleta kwenye nondo. Ivonete aliniona. Hakuonyesha chochote, msanii kweli.

Sajini akalinganisha. "Amezeeka vibaya," akasema.

"Kazi ya sindano, bwana. Inakula macho."

"Jana mbona hukusema jina hili?"

"Jana nilichanganyikiwa."

Akaguna. Akachukua kalamu, akapiga mstari kwenye orodha. "Mfungulieni. Apewe mkanda wake." Kisha bila kuinua kichwa, "Na wewe. Karatasi zako."

Sikuwa na karatasi. Kadi yangu ilikuwa mkononi mwa askari, inakwenda kwa Ivonete na mkanda. Nilikuwa na kitu kimoja tu mfukoni, na nisipotoa kitu wangeuliza huyu asiye na jina ni nani, na kadi ile wangeitazama tena, na picha ile, na masikio yangu. Nikaitoa barua ya Mzee Abílio.

Akaisoma, midomo ikicheza. "Otacílio Nunes da Mata. Msanii." Akalirudia lile neno la mwisho. "Wa mchezo utakaoonyeshwa. Kibali kiko wapi?"

"Wakaguzi wanakuja Ijumaa."

"Ijumaa. Leo ni siku gani?"

"Jumatano, bwana."

"Basi leo wewe si msanii." Hakusema kwa ukali. Nadhani hata alikuwa amechoka. "Bwana Otacílio, mimi bandarini nimesema watu thelathini na mmoja. Sasa nina thelathini. Unaona shida yangu." Akaliandika jina mwishoni mwa orodha, akamwashiria askari, akanigusa bega kwa upande wa kalamu. "Kichwa chako watakinyoa huko huko."

Wakanipitisha mlango wa pembeni. Ivonete alikuwa anatoka nami naingia, tukapishana kwenye kile kijia chembamba, bega kwa bega. Alinukia damu na chungwa. Nilitaka kumwambia. Miaka tisa nilikuwa na nafasi ya kumwambia, na sasa nilikuwa na hatua moja. Nikasema, "Maharage yako kwenye chungu." Ndilo lililonitoka. Yeye hakuelewa bado. Alidhani nimeingizwa kuulizwa swali moja mbili. Akaenda kusimama kwenye lango kubwa, anafunga mkanda, ananingoja.

Kwa kuwa orodha ilikuwa imebadilika, yule askari akaanza kuita upya. Mmoja mmoja, "nipo," "nipo," ukutani. Mimi nilisimama mwisho. Nilimwona Ivonete langoni anahesabu kwa macho, anatafuta mimi nimesimama upande gani na kwa nini.

"Otacílio Nunes da Mata."

Nikaona kichwa chake kikigeuka. Mwili mzima uligeuka. Unaweza kulichoma jina na kulimwagia poda miaka ishirini, mwili bado unaitika. Alifungua mdomo. Hapo ndipo alipoelewa, nilimwona anaelewa, akapiga hatua moja kurudi ndani.

Mimi nilikuwa fundi. Maisha yangu yote nilikaa nyuma ya pazia, na juu ya jukwaa sikuwahi kusema hata neno moja. Nikapaza sauti iliyofika mpaka barabarani.

"Nipo!"

Ivonete akasimama. Askari wa langoni akamtazama, akatazama kadi aliyoishika. "Vipi, Valdemiro," akamwambia, "umefunguliwa, unangoja nini hapa? Nenda."

Nikamtikisia kichwa mara moja, kidogo, kama tulivyozoea kupeana ishara kutoka pembeni mwa jukwaa, zamu yako, toka. Akaenda. Sisi wakatupandisha kwenye lori.